Kikumbo Halali, Kichwa Kilichoumia: Jibu kwa Mama Anayeishi Ottawa

Swali nililoletewa ni hili:

«Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nimeishi Ottawa, Kanada, kwa miaka tisa. Mwanangu amependa hoki ya barafuni tangu akiwa mdogo, na msimu ujao atatimiza miaka 13, yaani ataingia rika ambalo wachezaji huanza kuruhusiwa kupigana vikumbo. Kila mchezaji wa ligi kuu anapoangushwa vibaya, nyumbani kwangu huzuka mabishano. Mume wangu husema kikumbo kilikuwa halali, shemeji yangu husema ni unyama, na televisheni hulirudia tukio lilelile usiku kucha huku wachambuzi nao wakipingana. Nimwamini nani, na maoni ya mashabiki yana uzito gani katika jambo hili?»

Dada yangu, nimeutazama mchezo huu na kuuandikia kwa miaka mingi, na swali lako ndilo ambalo ningependa kila mzazi aliulize kabla ya kumfungia mwanawe viatu vya barafu. Jibu fupi ni kwamba mume wako na shemeji yako wanaweza kuwa sahihi wote wawili, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Mume wako anajibu swali la kitabu cha kanuni, yaani je, mwamuzi alipaswa kupuliza filimbi? Shemeji yako anajibu swali la mwili, yaani je, mtu ameumizwa kwa namna ambayo haikustahili kutokea? Katika hoki ya barafuni maswali hayo mawili yamekwenda njia tofauti kwa muda mrefu sana, na sehemu kubwa ya ugomvi unaousikia hutokana na watu kuyachanganya.

Kwa ajili ya wasomaji wasioujua mchezo huu, niseme machache. Uwanja wa NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, una urefu wa takribani mita 61 na upana wa mita 26, na umezungushiwa ukuta wa mbao na vioo, kwa hiyo anayefukuzwa hana mahali pa kutokea nje kama ilivyo katika soka. Wachezaji wengi wana uzito unaokaribia au kuzidi kilo 90, nao huteleza kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 30 kwa saa. Kanuni zinamruhusu mchezaji kumpiga kikumbo, kwa bega au kwa nyonga, mpinzani mwenye kile kisahani cha mpira mgumu kinachochezewa. Kikumbo si kosa lililovumiliwa, bali ni sehemu halali ya mchezo, na wapo mashabiki waliolipa kiingilio kwa ajili ya hicho hasa. Asiyelikubali hilo tangu mwanzo hatawaelewa watu anaobishana nao.

Nianze na mashabiki, kwa kuwa ndio uliouliza habari zao. Mwaka 1951 vyuo vikuu viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, vilicheza mechi kali ya mpira wa Kimarekani ambamo wachezaji wa pande zote mbili waliumia. Watafiti Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili mkanda uleule wa mechi ile na kuwataka wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona kwamba Dartmouth walifanya makosa zaidi ya maradufu ya yale ambayo wanafunzi wa Dartmouth wenyewe waliyaona. Alikuwapo hata mhitimu mmoja wa Dartmouth aliyepelekewa mkanda huo mbali na chuo, akautazama asione makosa aliyoyasikia, akadhani kuna kipande kilichokatwa, akaomba apelekewe kilichobaki. Watu hao hawakuwa wakisema uongo. Macho yao yalikwishachagua upande kabla ya taa kuzimwa, na wewe uliyekulia kwenye mpira wa Tanzania huhitaji mtafiti akueleze hivyo kuhusu siku ya Simba na Yanga. Kwa hiyo mume wako akisema kikumbo kilikuwa halali, muulize kwanza kama angesema vilevile iwapo aliyelala chini ni mchezaji wa timu yake.

Hata hivyo upenzi wa timu hauelezi kila kitu, kwa sababu kuna imani moja ambayo mashabiki wa timu zote wamerithishana, na hiyo naiogopa zaidi. Ni ile inayosema kwamba aliyeumia amejitakia mwenyewe kwa kuinamisha kichwa.

Tarehe 26 Mei 2000, katika mechi ya saba na ya mwisho ya fainali ya Kanda ya Mashariki, Eric Lindros wa Philadelphia alikuwa akiingia eneo la wapinzani huku macho yake yakiwa chini kwenye kisahani. Scott Stevens, nahodha wa New Jersey, alimjia kwa bega, na bega hilo likamkuta usoni. Lindros alianguka na kulala pale barafuni, akiwa mtu aliyekwishaumia ubongo mara kadhaa, ikiwemo msimu uleule. Mwamuzi hakutoa adhabu yoyote, kwa sababu kwa kanuni za wakati ule hapakuwa na kosa. New Jersey walishinda mechi hiyo na baadaye wakalitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi. Tukio lile likasimuliwa kwa miaka kama mfano wa kikumbo kizuri, na fundisho lililotolewa kwa watoto halikuwa «msipige kichwa», bali «inueni vichwa vyenu».

Sisemi kwamba fundisho hilo ni la uongo. Mtoto anayecheza akitazama miguu yake yuko hatarini, na kocha asiyemfundisha kuinua kichwa hafai. Lakini tazama jinsi maneno hayo yanavyohamisha mzigo wote kutoka kwa anayepiga, ambaye anaona mbele yake na ana nafasi ya kuamua, na kuutwika juu ya anayepigwa, ambaye mara nyingi haoni kitu. Shabiki anayesema «angeinua kichwa» anadhani ametoa maoni kuhusu mbinu za mchezo, kumbe ametoa hukumu kuhusu ni nani mwenye wajibu. Kwangu mimi wajibu wa kwanza ni wa yule anayeuona mwili wa mwenzake ukiwa wazi mbele yake.

Ilichukua miaka 10 mingine kwa ligi kusogea. Tarehe 7 Machi 2010, mjini Pittsburgh, Marc Savard wa Boston alikuwa amekwisha kupiga kisahani golini pale Matt Cooke alipomjia kutoka upande asiouona na kumgonga kichwani kwa bega. Mwamuzi hakumwadhibu, na ligi nayo haikumfungia mechi hata moja, kwa maelezo kwamba hakuvunja kanuni yoyote iliyoandikwa. Hapo ndipo maoni ya mashabiki na waandishi yalipofanya kazi ya maana. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kabla ya mwezi huo kwisha ligi ilipitisha kanuni ya dharura, na msimu uliofuata ikaingizwa kitabuni kama Kanuni ya 48, inayokataza kumpiga mpinzani kichwani kutoka upande asiouona. Mwaka 2011 ikapanuliwa ili isiangalie tena upande anaotokea mpigaji. Savard mwenyewe alirudi uwanjani, akaumia tena Januari 2011, na hakucheza tena ligi hiyo.

Soma maneno ya kanuni hiyo kwa makini, maana ndiyo yanayozua mabishano sebuleni kwako. Haisemi kwamba kila kugusa kichwa ni kosa. Inasema ni kosa pale kichwa kinapokuwa ndicho kilichopigwa hasa, na pale ambapo kugongana huko na kichwa kungeweza kuepukika. Ndani ya neno «kuepukika» kuna nafasi pana ya kubishana mpaka alfajiri. Je, mpigwaji alibadilisha mkao sekunde ya mwisho? Je, mpigaji alielekea kifuani lakini akateleza juu? Waliojadili suala hili kwa uzito wamegawanyika hapa hasa. Mmoja wao ni marehemu Ken Dryden, golikipa wa zamani wa Montreal ambaye pia alikuwa mwanasheria na waziri. Yeye alishikilia kwamba mapigo yote ya kichwani yaadhibiwe bila kutazama nia wala ajali, kama vile gongo la kuchezea likimpiga mtu usoni linavyoadhibiwa hata aliyelishika asipokusudia. Mimi nakubaliana naye. Ubongo haujui kanuni ya 48 inasemaje, wala haupunguzi maumivu kwa kuwa aliyekupiga hakukusudia.

Nikuonyeshe sasa jinsi maoni ya mashabiki yanavyoweza kuwa na nguvu na upofu kwa wakati mmoja. Tarehe 8 Machi 2011 mjini Montreal, Zdeno Chara wa Boston, mmoja wa wachezaji warefu kuliko wote waliowahi kucheza ligi hiyo, alimsukuma Max Pacioretty wa Montreal ukutani, mahali ambapo kioo kinaishia na nguzo inaanza, karibu na mabenchi ya wachezaji. Kichwa cha Pacioretty kiligonga nguzo hiyo. Alipata mtikisiko mkubwa wa ubongo na pingili ya shingo ikapata ufa. Chara alitolewa nje ya mechi ile, lakini ligi haikumfungia hata mechi moja baada ya hapo. Mashabiki wa Montreal walipiga simu polisi kwa wingi, waendesha mashtaka wa Quebec wakafungua uchunguzi uliokwisha bila mtu kushtakiwa, na shirika la ndege la Air Canada likaiandikia ligi kwamba lingeweza kuondoa udhamini wake. Huko Boston, watu waliotazama picha zilezile waliona msukumano wa kawaida uliotokea mahali pabaya.

Mabishano kuhusu nia ya Chara hayakwisha, na sidhani yatakwisha. Lakini ipo hatua moja iliyowafaa wachezaji wote, wa Boston na wa Montreal, nayo haikuhitaji mtu kuisoma nia ya mwenzake: ligi iliagiza kona zile za vioo zibadilishwe, ziwekwe vioo vilivyopinda ambavyo vinamtelezesha mchezaji badala ya kumsimamisha ghafla. Naitaja habari hiyo kila ninapoulizwa kuhusu vikumbo, kwa sababu mashabiki hupenda kumtafuta mwovu, na mara nyingi hatari inakaa kwenye nguzo, kwenye ratiba, kwenye vifaa vigumu vya mabegani, au kwenye kanuni iliyoandikwa vibaya. Tena usiache kutambua kwamba zile simu na barua ya mdhamini ndizo zilizoharakisha mambo. Pacioretty, nashukuru kusema, alirudi msimu uliofuata na akacheza vizuri sana.

Niseme kuhusu vyombo vya habari, ambavyo umevigusa ulipoeleza jinsi tukio moja linavyorudiwa usiku kucha.

Marudio ya mwendo wa pole si dirisha safi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Eugene Caruso na wenzake, ambao katika baadhi ya majaribio yao walitumia picha za mchezaji wa mpira wa Kimarekani akimgonga mwenzake kwa kofia ngumu. Waliolitazama tukio kwa mwendo wa pole walielekea zaidi kuamini kwamba mtendaji alikusudia kuliko waliolitazama kwa mwendo wake halisi, kwa kuwa mwendo wa pole humfanya mtazamaji ahisi kwamba mtendaji alikuwa na muda wa kufikiri. Wanaofuatilia VAR katika soka wanaijua hali hii bila kuambiwa: mguu uliomkanyaga mwenzake kwa bahati mbaya, ukiupunguzia mwendo mara 10, huonekana kama panga linaloshushwa kwa makusudi. Kwa hiyo mwendo wa pole unafaa kwa jambo moja tu, nalo ni kujua ni nini kiligusana na nini, bega na kifua au kiwiko na taya. Nia, kama unataka kuikadiria, ikadirie kwa mwendo halisi, tena uanze kutazama sekunde mbili tatu kabla ya kugongana, maana klipu nyingi za mitandaoni huanzia pale pigo linapofika na kuacha kila kilicholitangulia.

Jambo jingine ni nani anayezungumza. Kwa zaidi ya miaka 30 sauti iliyosikika kuliko zote katika hoki ya Kanada ilikuwa ya Don Cherry, kocha wa zamani aliyekuwa na kipindi chake wakati wa mapumziko ya mechi kila Jumamosi usiku, na ambaye pia aliuza mikanda ya video iliyojaa vikumbo na ngumi. Haki yake isemwe: alipigania kwa miaka mingi kubadilishwa kwa kanuni iliyowalazimu wachezaji kukimbizana hadi ukutani kufuata kisahani, mbio zilizowavunja watu miguu. Lakini pia aliwafundisha mamilioni ya watu kwamba ukali ndio uanaume wa mchezo, na kwamba anayelalamika ni laini. Aliondolewa hewani Novemba 2019, si kwa sababu ya vikumbo, bali kwa maneno aliyowasema wahamiaji kama wewe na mimi. Mtazamo wake kuhusu ukali bado unasikika katika studio nyingi, kwa sababu wachambuzi wengi ni wachezaji wa zamani waliolelewa humohumo. Ujuzi wao ni wa kweli na nauheshimu. Lakini mtu aliyepigwa hivyo kwa miaka 15 na kuambiwa anyanyuke, ni vigumu kwake kukiri mbele ya kamera kwamba aliyotendewa hayakuwa sawa.

Kisha kuna fedha. Kampuni ya Rogers ilitia saini mwaka 2013 mkataba wa miaka 12 wa kuonyesha mechi za NHL nchini Kanada kwa dola bilioni 5.2 za nchi hiyo, na tangu mwaka 2012 kampuni hiyohiyo, pamoja na mshindani wake Bell, ilikuwa imeshanunua asilimia 75 ya kampuni inayoimiliki timu ya NHL ya Toronto Maple Leafs. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi mitandao miwili mikubwa ya televisheni za michezo nchini ilikuwa mali ya wenye timu. Sidai kwamba kila mchambuzi hupewa maneno ya kusema, na wapo waandishi waliofanya kazi ya kijasiri katika jambo hili. Nasema tu kwamba anayeuza mchezo na anayeukosoa wanapokula chungu kimoja, mtazamaji anapaswa kukumbuka hivyo anaposikia tukio likiitwa «sehemu ya mchezo».

Ligi nayo ilijaribu kutoa maelezo badala ya kuacha kelele zitawale. Mwaka 2011 ilianzisha idara ya usalama wa wachezaji, chini ya Brendan Shanahan aliyekuwa mshambuliaji mashuhuri, na idara hiyo ikaanza kutoa video fupi kwa kila mchezaji anayefungiwa, ikionyesha tukio, kifungu cha kanuni na sababu ya idadi ya mechi. Mume wako na shemeji yako wakitaka kubishana kwa faida, waanzie kwenye video hizo. Si kwa sababu idara hiyo haikosei, kwani hukosea, bali kwa sababu angalau hulazimika kutaja hoja yake hadharani. Imewahi kutoa adhabu nzito: mwaka 2015 Raffi Torres, aliyekuwa na rekodi ndefu ya makosa, alifungiwa mechi 41, nusu nzima ya msimu, kwa kumpiga Jakob Silfverberg kichwani. Lakini ilipofika Mei 2021, Tom Wilson wa Washington alimpiga ngumi Pavel Buchnevich wa New York Rangers aliyekuwa amelala kifudifudi, kisha katika purukushani hiyohiyo akamwangusha Artemi Panarin barafuni, na Panarin hakucheza tena msimu ule. Wilson alitozwa faini ya dola 5,000. Uongozi wa Rangers ulipotoa tamko kwamba mkuu wa idara, George Parros, hafai kwa kazi hiyo, klabu ikatozwa faini ya dola 250,000. Kuilaumu ofisi kuligharimu mara 50 ya kumpiga mtu. Timu hizo zilipokutana siku mbili baadaye, wachezaji walitupa glovu chini na kupigana tangu filimbi ya kwanza. Hapo mashabiki waliokasirika walikuwa na haki kabisa, na nilikuwa upande wao.

Nimechelewa kufika kwenye ubongo wenyewe, nao ndio msingi wa yote. Kofia ngumu huzuia fuvu lisivunjike, haizuii ubongo usitikisike ndani ya fuvu, na ndiyo maana mtu anaweza kupata mtikisiko bila kuzimia, bila kutoka damu, na hata bila kuguswa kichwani, ikiwa mwili umesimamishwa ghafla. Sidney Crosby, aliyekuwa mchezaji bora kuliko wote wa wakati wake, aligongwa tarehe 1 Januari 2011 na tena siku nne baadaye, kisha akakaa nje mpaka Novemba, akarudi kwa wiki chache na kukaa nje tena mpaka Machi 2012. Wasomaji wa Nairobi wanaweza kumkumbuka kama yule aliyevaa jezi ya timu ya hoki ya Kenya Ice Lions mwaka 2018 pale vijana hao walipopelekwa Kanada kucheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine. Crosby aliumia akiwa na madaktari bora wanaoweza kununuliwa kwa fedha, na bado ilimchukua zaidi ya mwaka kutulia.

Wengine hawakutulia. Derek Boogaard, ambaye kazi yake uwanjani ilikuwa kupigana ngumi, alifariki Mei 2011 akiwa na miaka 28 baada ya kuchanganya pombe na dawa za maumivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliuchunguza ubongo wake na kukuta CTE, ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo unaohusishwa na mapigo ya mara kwa mara, na ambao huthibitishwa baada ya kifo tu. Steve Montador alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 35, naye akakutwa nao. Wachezaji wa zamani waliishtaki ligi kwa kutowaonya, na Novemba 2018 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya takribani dola milioni 19 za Marekani kwa watu 318, bila ligi kukiri kosa. Kamishna Gary Bettman ameendelea kusema kwamba uhusiano kati ya hoki na CTE haujathibitishwa. Naliona hilo kuwa jambo la kusikitisha, kwani anayesubiri uthibitisho kamili wa ugonjwa unaothibitishwa kaburini anawataka wachezaji wasubiri sana.

Sasa turudi kwa mwanao. Kuhusu watoto ushahidi hauna utata kama ule wa ligi kuu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta, ambako vikumbo viliruhusiwa katika umri huo, na wa Quebec, ambako vilikatazwa. Watoto wa Alberta walikuwa katika hatari zaidi ya mara tatu ya kupata mtikisiko wa ubongo. Mabishano yalikuwa makali, wazazi wengi wakidai kwamba mtoto asipozoea vikumbo mapema ataumia zaidi baadaye, lakini mwaka 2013 chama cha hoki cha Kanada kiliondoa vikumbo katika rika hilo nchi nzima. Hiyo ndiyo sababu mwanao hajakutana navyo mpaka sasa. Akifika 13, havitakuja kila mahali: vyama vingi vimeviondoa katika madaraja ya wanaocheza kwa burudani na kuviacha katika madaraja ya ushindani tu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza unapomwandikisha ni daraja gani hasa anaingia, na kama lina vikumbo. Mtoto anayependa mchezo anaweza kuucheza miaka yote ya ujana wake bila kupigwa kumbo hata moja, na mzazi anayechagua hivyo asikubali kuitwa mwoga.

Kwa kuwa unaishi Ontario, unayo pia sheria nyuma yako. Mwaka 2013 msichana wa miaka 17 wa mji wako huohuo wa Ottawa, Rowan Stringer, alifariki baada ya kuumia kichwa zaidi ya mara moja katika siku chache akicheza raga. Miaka mitano baadaye bunge la Ontario likapitisha sheria yenye jina lake. Inawataka vijana, wazazi na makocha kusoma maelezo rasmi kuhusu mtikisiko wa ubongo kila mwaka, na inamlazimu mwenye timu kumtoa uwanjani mara moja yeyote anayeshukiwa kuumia, asirudi mpaka aruhusiwe na daktari. Miongoni mwa watu mashuhuri waliosimama hadharani kuipigania alikuwa Eric Lindros, yuleyule aliyelala pale Philadelphia wakati dunia ikimwambia angeinua kichwa.

Basi kabla ya kulipa ada, zungumza na kocha wa timu mpya, tena mbele ya mwanao. Usimuulize kama mchezo ni salama, kwa sababu atakujibu kwamba ni salama. Muulize hivi: mtoto wake bora akigongwa dakika tano kabla ya mechi ya mtoano kwisha, akasema yuko sawa lakini macho yake hayajatulia, nani anaamua, na anaamua nini? Kocha anayejibu bila kusita kwamba mtoto anakaa benchi, mzazi anapigiwa simu, na hakuna mazungumzo mengine mpaka iletwe karatasi ya daktari, huyo unaweza kumkabidhi mwanao. Akianza kukueleza kwamba inategemea, mshukuru kwa muda wake na utafute timu nyingine. Ottawa zipo nyingi.